Takwa, Manda Toto na Pate kwa siku moja? Kwanza uliza mwezi una siku ngapi

Swali: Kaka, salaam. Tunakuja Lamu kutoka Nakuru likizo ya Agosti: mimi, mama yangu wa miaka 71 ambaye magoti yanamsumbua, na watoto wawili, mmoja ana miaka 6 na mwingine 10. Tumetenga siku moja ya boti. Mwenye boti niliyezungumza naye kwa simu anasema kwa siku hiyo moja tutaona magofu ya Takwa, tutaogelea Manda Toto, tutakula ufukweni, kisha tutapitia Pate na kurudi kabla ya magharibi. Mama anaogopa maji na hajui kuogelea. Je, ratiba hiyo inawezekana? Na mama aje, au abaki hotelini? Tarehe hatujafunga bado, tuna wiki mbili za kuchagua.

Jibu: Dada yangu, salaam, na mama yetu mfikishie shikamoo yangu. Nianze na la mwisho: mama aje. Ratiba uliyopewa ikatae. Chukua Takwa peke yake pamoja na chakula cha mchana, na tarehe usiifunge mpaka ujue siku hiyo mwezi wa angani utakuwa na siku ngapi tangu uandame. Hilo la mwezi nitalieleza kwa urefu, maana mwenye boti hakukwambia, na ndilo litakaloamua kama mama atashuka Takwa kwa miguu mikavu au atakanyaga tope.

Bahari ya huku hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita tatu, yaani kama kutoka sakafu ya chumba hadi darini. Bamvua huja mara mbili kila mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo huku Amu, ndivyo tunavyoiita Lamu, maji hujaa yapata saa kumi alasiri, na asubuhi yake yapata saa nne huwa yamepwa kabisa. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Baada ya wiki moja mambo huwa yamegeuka: maji hujaa asubuhi na kupwa alasiri, lakini wakati huo ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Sogea siku chache tena, mwezi ukiwa na siku kumi hadi kumi na mbili, au ishirini na tano hadi ishirini na saba, utakuta maji yanajaa kati ya adhuhuri na saa nane mchana, na kila siku yanaongezeka nguvu kuelekea bamvua nyingine. Hizo ndizo siku zenu. Katika wiki mbili ulizonazo lazima utakuta kipindi kimoja cha namna hiyo. Kalenda yoyote ya Kiislamu itakupa hesabu, na nahodha wa kweli hata kalenda haihitaji.

Sasa kwa nini Takwa inadai maji kiasi hicho? Mji huo uko kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mlango wa bahari unaotutenganisha nacho. Kuufikia kwa boti unaingia kwenye mkono wa bahari uliojipenyeza katikati ya mikoko mpaka ukakaribia kukikata kisiwa vipande viwili. Mkono huo unapitika saa chache tu, kabla na baada ya maji kujaa. Yakipwa, kinachobaki ni tope na mizizi ya mikoko, na mashua iliyochelewa kutoka itasubiri humo hadi maji ya zamu nyingine, ambayo ni ya usiku.

Sehemu nyingine ulizotajiwa nazo zina masharti yao. Manda Toto iko kaskazini mashariki ya Manda. Njia ya ndani kutoka mjini ni kupitia Mkanda, ule mfereji mwembamba kati ya Manda na bara, nao haupitiki vizuri maji yakiwa yamepwa. Njia ya nje ni bahari kuu. Pate vilevile: mashua za abiria hupita Mkanda hadi Mtangawanda, safari ya kama saa mbili, kisha kuna mwendo wa nchi kavu mpaka Pate mjini. Ukitaka kushukia Pate mjini kwenyewe, pwani yake hukauka maji yanapopwa. Kila mahali hapo panataka saa zilezile za maji, na kati ya asubuhi na magharibi maji hujaa mara moja tu. Mwenye boti ya injini kubwa anaweza kukimbia kwa kasi apendayo, lakini Takwa itabaki kuwa na mlango unaofunguliwa saa chache na kufungwa.

Watu wa visiwa hivi wanalijua jambo hili kwa damu. Yapata mwaka 1812, Pate na Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, walileta jeshi kuishambulia Amu, wakashukia Shela. Walipozidiwa na kukimbilia vyombo vyao, maji yalikuwa yamepwa na vyombo vimekaa mchangani, wakauawa wengi pale pale ufukweni. Baada ya vita hivyo Amu iliomba ulinzi wa Oman, na ngome ile utakayoiona katikati ya mji, iliyomalizika kujengwa mwaka 1821, ni tunda la miaka hiyo. Ukipita nao Shela waoneshe watoto ufukwe wenyewe. Yule wa miaka 10 ataelewa haraka kuliko nikimwandikia kurasa tatu.

Kuna pia suala la Agosti. Kusi, upepo wa kutoka kusini, bado inavuma, ingawa nguvu yake ya Juni na Julai imeanza kupungua na demani, msimu wa upepo mwanana, iko karibu. Ndani ya mlango, kati ya Amu na Manda, maji ni ya upole. Nje ya kisiwa mawimbi ni makubwa, na kwa mtu wa miaka 71 anayeogopa maji, nusu saa ya mawimbi hayo itamharibia siku nzima. Manda Toto watu huiendea matumbawe na samaki wa rangi, lakini wakati wa kusi maji huwa na vumbi la mchanga na huoni mbali. Iache hadi kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, kati ya Desemba na Machi, wakati maji yanapokuwa meupe. Kuwapeleka watoto Agosti ni kulipia safari ndefu ili waangalie ukungu wa chini ya maji.

Kwa hiyo siku yenu naiona hivi. Tuseme mwezi una siku kumi na moja na maji yanajaa saa saba kasorobo. Mnaondoka gatini mjini saa tatu asubuhi, jua halijawa kali. Kwa kuwa mna muda wa kusubiri maji, nahodha atatia nanga mahali patulivu na kuwapa watoto mishipi wavue. Wakipata changu wawili watatu, hicho ni kitoweo, na hata wasipopata, saa hiyo ndiyo watakayoisimulia shuleni. Saa tano mnaingia mikokoni. Humo upepo mara nyingi hukatika, tanga hushushwa, na baharia husukuma kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, au huwashwa injini ndogo polepole. Mwombe azime injini japo kwa dakika chache. Kaa wekundu hupanda mizizi, ndege wa majini husimama kwa mguu mmoja, na mama, ambaye alikuwa ameshika ukingo wa mashua kwa mikono miwili, hapo ndipo huiachia.

Takwa penyewe pape muda wa saa moja na nusu, msiharakishe. Ulikuwa mji wa Waswahili uliostawi katika karne ya 16 na ya 17, kisha ukahamwa. Kwa nini ulihamwa, wazee husema maji ya visima yaligeuka chumvi, na pia kulikuwa na uhasama na Pate. Wenyeji wake walivuka mlango wakaenda Shela, na watu wa Shela hadi leo wanajihesabu wazao wa Takwa. Ndiyo sababu magofu haya si mawe ya watu wasiojulikana. Nje ya ukuta wa mji, upande wa kaskazini, kuna kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka wa Hijria unaolingana na mwanzo wa miaka ya 1680, na watu wa Shela wamekuwa wakilizuru kuomba mvua. Mkilifikia, shusheni sauti, na watoto wasipande. Hata pasipo kibao cha kuwakataza, inabidi mjikataze wenyewe.

Msikiti wa Ijumaa ndio jengo litakalowashika zaidi. Juu ya ukuta wa kibla, pale mihrabu ilipo, imesimama nguzo ndefu, jambo ambalo kwenye misikiti ya pwani ni nadra. Wapo wasemao kwamba chini yake amezikwa sheikh. Tazameni pia birika la kutawadhia na kisima. Kisha tembeeni barabara ya mji kutoka lango hadi lango, mtazame nyumba: nyingi milango yake imeelekezwa kaskazini, upande wa kibla. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, na mwanaakiolojia James Kirkman alizichimba mwaka 1951. Mibuyu imeota katikati ya vyumba, na vivuli vyake ni vikubwa. Mama akichoka, hapo ndipo pa kumkalisha. Njia ni bapa na hazina ngazi za kupanda, ila zina mawe yaliyolegea na mizizi, basi avae viatu vilivyofungwa, ndara aziache hotelini.

Ukiwa na mtu wa kukaa na mama, wapeleke watoto ng'ambo ya magofu. Mwendo mfupi juu ya mchanga unakutoa kwenye ufukwe wa bahari kuu, na ghafla unaelewa mji huu ulivyopangwa: nyuma yake mikoko na njia ya siri ya maji, mbele yake bahari wazi. Agosti msiogelee upande huo. Mawimbi ya kusi yanapiga moja kwa moja.

Saa nane kasoro mnatoka mikokoni, maji yameanza tu kushuka. Chakula kiliwe kwenye ufukwe wa Manda unaotazama Shela, ambako maji yametulia na watoto wanaweza kuoga mkiwaangalia. Samaki wa kuchoma, wali wa nazi, kachumbari, ndimu na pilipili, ndivyo mabaharia wetu wanavyopika na wanapika vizuri. Mama kama hawezi pilipili mwambie mpishi asubuhi, asiambiwe samaki akishapakwa. Alasiri mnarudi mjini kwa tanga. Kama upepo ni mzuri, mwombe nahodha apite mbele ya mji polepole, maana Amu ilijengwa itazamwe kutoka majini, na mji ambao UNESCO iliuandika kwenye urithi wa dunia mwaka 2001 hutauona hivyo ukiwa ndani ya vichochoro vyake.

Kuhusu hofu ya mama. Sehemu ngumu kwake ni kupanda na kushuka chomboni, wala si safari yenyewe. Ngazi za gati zina ukijani unaoteleza, na maji yakiwa yameshuka mashua huwa chini sana. Mnapokubaliana na nahodha mwambie wazi: nina mzee, magoti yake hayakunji vizuri, nataka mabaharia wawili wamsaidie na nataka ngazi iliyo kavu. Nahodha mwenye adabu atakuambia ni gati lipi na saa ngapi. Mama akishaingia, mkalishe shetri, yaani nyuma ya chombo, karibu na nahodha, kwa sababu omo, mbele yake, ndiko maji yanakorukia na ndiko mashua inakoruka zaidi. Awe na mto au kanga kadhaa za kukalia. Apate kifungua kinywa chepesi, uji na mkate vinatosha, na tangawizi ya kutafuna. Macho ayaweke Shela au ukingo wa mbali, asiinamie simu. Msalani aende kabla ya kuondoka, kwani kwenye mashua hakuna.

Majaketi ya kuokolea yavaliwe na kila mtu, kuanzia gatini mpaka gatini, mama akiwa wa kwanza ili watoto wasibishane. Kabla ya kulipa hata shilingi, yaombe yatolewe uyaone. La mtoto wa miaka 6 liwe dogo kweli, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu, la sivyo akianguka jaketi litabaki juu na yeye atashuka. Sheria za mamlaka ya bahari ya Kenya zinataka vyombo vya abiria viwe na leseni na majaketi, kwa hiyo ukiomba kuyaona unaomba haki yako, hujamtusi mtu. Akinuna, tafuta mwingine. Na kama ni mashua ya tanga, iwe na injini ya akiba inayowaka. Mwambie aiwashe mbele yako.

Bei patana kwa chombo kizima, usipatane kwa kichwa. Ulizeni nani ananunua samaki, mchele na maji ya kunywa, na kama ada ya kuingia Takwa imo ndani. Magofu yako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya na mwananchi hulipa ada yake ya chini, basi kila mtu mzima abebe kitambulisho. Takwa hakuna duka. Bebeni maji mengi kuliko mnavyodhani, maana hata kusi ikivuma jua linachoma na mtu hasikii. Malipo yagawanyeni, sehemu kabla na sehemu mkirudi, na muwape mabaharia chochote mkiona wamemtunza mama.

Ikitokea kwamba siku nilizotaja haziwafai na mmebaki na za bamvua tu, bado Takwa mnaipata, ila ni ya alasiri. Mnaondoka saa nane kasorobo, mnaingia na maji yanayojaa, mnatoka saa kumi na moja kasoro na kufika mjini kabla ya magharibi. Chakula cha mchana kitaliwa mjini. Muda ni mfupi zaidi, lakini jua limelala na kuta za msikiti hupendeza kwa mwanga huo. Msikubali kukaa mpaka giza. Zikiwa siku za maji mafu kabisa, mkono wa Takwa unaweza kuwa na maji haba, na ningewashauri mbadilishe safari: nendeni Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo kwenye kisiwa hiki hiki cha Amu. Watoto watamwona fundi akitia kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, na kuinua mataruma, mbavu za chombo, na watauliza maswali ambayo fundi huyafurahia. Kwa mama pia ni safari fupi, ndani ya maji matulivu.

Pate nakuomba uiweke kando kwa heshima yake. Ni mji wa masultani wa Kinabahani, na jirani yake Siyu ina ngome yake na ndiko alikotawala Bwana Mataka, mume wa Mwana Kupona, aliyemwandikia binti yao utendi unaosomwa mpaka leo. Kisiwa hicho kinataka mlale usiku mmoja au miwili, mwende na maji na mrudi na maji. Kukishuka kwa dakika arobaini ili mpige picha na kukimbizana na saa, mama akiwa amechoka na watoto wana njaa, kutawafanya mkichukie bila kosa lake.

Ukipiga simu kupanga, usianze na bei. Mtajie tarehe, kisha uliza: siku hiyo maji yanajaa saa ngapi, na tutaingia na kutoka Takwa saa ngapi? Anayeijua kazi atajibu papo hapo, na huenda akakwambia usogeze siku moja mbele. Msikilize huyo. Anayejibu kwamba saa yoyote mtafika, mwachie safari yake.

Na tarehe ukishaifunga, acha siku inayofuata iwe tupu. Kusi ikiamka vibaya asubuhi hiyo, nahodha mzuri atakuja hotelini kusema leo hatutoki, nanyi mtakuwa na kesho, maji yakiwa yamesogea dakika hamsini tu.